Lehemu ya Shangazi

Shangazi yangu ni fundi wa taa. Sisemi taa za kuchomeka ukutani. Nasema zile za kuning'iniza, za bati na vioo vya rangi, ambazo ukiziwasha chumba kinasahau kilikuwa chumba gani. Karakana yake ni ndefu na nyembamba, dirisha moja mbele na jingine nyuma, na jua likisafiri kutoka dirisha hadi dirisha linakuta vioo vimesimama njiani kwenye rafu, vya kijani, vya manjano, vya zambarau. Linaingia jeupe, linatoka limelewa. Mchana kutwa sakafu inajaa madoa ya rangi yanayotambaa polepole kama konokono, na wateja wageni huinua miguu ili wasiyakanyage.

"Kanyaga tu," Shangazi huwaambia bila kuinua macho. "Hayo hayavunjiki."

Duka langu ni mlango wa pili. Mimi nashona mapazia. Majirani hawauachi utani huo upoe: mmoja anauza mwanga, mwingine anauza kiza, na chungu ni kimoja. Shangazi huwajibu kwamba biashara ni ile ile, kwani mtu akishapata mwanga ndipo anapojua anataka kuficha nini.

Yeye ndiye aliyenilea. Baba yangu alikuwa kaka yake wa pekee, karani wa kukata tiketi stesheni, mwembamba, mcheshi, mtu asiyejua hata kuumwa kichwa. Asubuhi moja alikaa kunywa chai, na chai ikabaki nusu. "Moyo umesimama," watu walisema, kana kwamba moyo ni saa ya ukutani na mtu kasahau kuitia ufunguo. Mimi nilikuwa mdogo, sijajua hata kulia kwa mpango. Shangazi alikuwa ametoka tu kwenye ndoa fupi na dereva wa malori. Ukimuuliza kwa nini aliondoka, anasema mume hakuwa mbaya, ila nyumba yake haikuwa na madirisha ya kutosha. Akanichukua mimi, akaichukua na karakana ya babu, kwa sababu baba aliogopa moto na yeye hakuuogopa.

Ukimtazama akifanya kazi unasinzia bila kutaka. Anakwaruza kioo kwa kigurudumu chake, kriii, kisha anakimega kwa vidole kama mkate mkavu. Anavipanga vipande juu ya meza, anachukua chuma kilicholala kwenye makaa, anakigusisha kwenye waya wa lehemu, na tone la fedha linakimbia kwenye ufa, linajaza, linaganda. Moshi mwembamba unapanda na kupotea. Nimelala sana chini ya meza ile nikiwa mtoto, na mpaka leo nikisikia harufu ya chuma cha moto macho yangu yanakuwa mazito.

Alijikata mara nyingi, kama fundi yeyote wa vioo. Lakini damu yake haikuwa na mchezo. Alibana kidole, akaimba ubeti mmoja wa wimbo wowote uliokuwa mdomoni, akaachia, na damu ilikuwa imekwisha simama. Alijivunia jambo hilo kuliko taa zake. "Damu yangu ikiona mlango wazi inaufunga yenyewe," alisema. "Haingoji kuambiwa."

Mikono yake ilikuwa na vinundu juu ya vifundo vya vidole, vigumu, visivyouma. Kano za nyuma ya visigino vyake zilikuwa nene kama kamba ya kisima. Na kwenye kope, karibu na pua, alikuwa na mabaka mawili ya njano kama nta. Sisi tulidhani ni sugu za kazi. Kinyozi wa jirani, mtu anayejua kila kitu isipokuwa kunyamaza, alisema yale mabaka ni dalili ya baraka, kwamba mwenye macho ya dhahabu hafi maskini. Shangazi alimwambia basi baraka zenyewe zimepotea njia.

Siku moja akaingia mwanamke aliyetaka taa ya kuning'iniza juu ya ngazi za nyumba yake. Alikuwa mtulivu, na miwani imepanda hadi kwenye nywele. Shangazi alimshushia taa moja, akamshushia nyingine, akaizungusha ili rangi zitembee ukutani. Mwanamke yule hakuzitazama taa. Alikuwa akiitazama mikono iliyozishika.

"Mama," alisema, "naomba mkono wako."

"Umekuja kununua taa au kuposa?"

Mgeni akacheka mpaka miwani ikamwangukia puani. Ndipo akajieleza: alikuwa daktari wa damu katika hospitali iliyo upande wa pili wa mji. Akagusa vile vinundu kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayechagua matunda. Akauliza vina muda gani. Akauliza kuhusu wazazi, kuhusu ndugu. Shangazi alipofika kwenye habari ya baba yangu na ile chai, daktari akaondoa mkono.

"Njoo unione," alisema. "Na usichelewe, Mama."

Aliondoka na taa ya zambarau. Mimi nilibaki mlangoni na pazia la mtu begani, na jua la alasiri lilikuwa limefika kwenye kioo cha manjano, likimmwagikia Shangazi kichwani. Alikuwa akiitazama mikono yake kama ya mtu mwingine.

Tulikwenda. Wakamtoa damu, na majibu yalipotoka tulikaa mbele ya meza ya daktari, Shangazi akiwa amevaa viatu vyake vya harusi za watu.

"Mama, damu yako ina lehemu nyingi mno."

Shangazi akanigeukia, akamgeukia daktari. "Si ajabu. Miaka yote nakaa juu ya moshi wake. Itakuwa naimeza."

Daktari alichukua muda kuelewa. Alipoelewa alifunika uso kwa kiganja. Akatueleza kwamba majina yanafanana tu; lehemu aliyoisema yeye, ambayo wengine huiita kolesteroli, ni mafuta yanayotengenezwa na ini, na hakuna mwili unaoishi bila hayo. Ini la mtu wa kawaida huyatoa, kisha huyavuta tena kutoka kwenye damu yakizidi. Lakini kuna koo za watu ambao ini lao limezaliwa likijua kutoa na halijui kurudisha. Mafuta yanabaki yakizunguka, yanatafuta pa kukaa. Yanakaa kwenye vifundo vya vidole, kwenye kano, kwenye kope. Yanakaa pia kwenye kuta za mishipa ya moyo, ambako hakuna wa kuyaona.

"Kumbe nimelehemiwa kwa ndani," alisema Shangazi.

"Unaweza kusema hivyo."

"Na kaka yangu?"

Daktari aliweka kalamu chini. Alinitazama mimi. Nikajifanya nasoma bango la kunawa mikono.

Halafu akaingia kwenye jambo alilolipenda, ungelijua kwa jinsi alivyosogeza kiti. Katika damu, alisema, mna chembe ndogo kuliko zote, ziitwazo chembe sahani. Ukijikata, hizo ndizo zinazotangulia. Zinabadilika umbo, zinaota vidole, zinashikana mikono na kuziba pengo mpaka damu igande juu yake. Kazi njema. Ila kwa mtu aliyejaa lehemu chembe hizo huwa na kiherehere. Zinashtuka kwa jambo dogo. Ikitokea ufa ndani ya mshipa wa moyo, pale mafuta yalipokaa, zinakimbilia huko zote kwa pamoja, zinashikana, zinafanya donge, na mshipa unafungwa.

"Wewe ukijikata, damu inasimama upesi?" akauliza.

Shangazi alifungua mdomo kujivuna, akaufunga.

Kulikuwa na dawa, iitwayo statini, ambayo huliambia ini lipunguze kutengeneza na liongeze kuvuta. Hilo lilijulikana. Daktari na wenzake walikuwa wakichunguza jambo la pembeni: dawa hiyo hiyo inazifanya nini chembe sahani? Walitafuta watu wenye lehemu nyingi ambao hawajawahi kuinywa, wawatoe damu kabla, wawatoe tena baadaye, walinganishe. Je, Mama angekubali?

"Nitakubali," alisema Shangazi, "kama nitaruhusiwa kuona."

Chumba cha maabara kilikuwa na mapazia mazito ya kijivu, yaliyoshonwa vibaya, na mwanga mchache. Mashine nyingi zilinong'ona zenyewe kwa zenyewe. Walimtoa damu, wakaizungusha mpaka chembe nyekundu zikatuama chini, na juu yake yakabaki maji ya manjano yenye ukungu, kama maji ya mchele. "Ukungu huo ndizo zenyewe," daktari alisema. "Chembe sahani zako, zinaogelea kila moja peke yake." Alimimina kidogo kwenye kichupa chembamba, akakitia ndani ya kisanduku. Upande mmoja wa kisanduku kulikuwa na taa ndogo, upande wa pili kijicho cha kupima mwanga unaopenya. Kwenye kioo cha kompyuta mstari ulianza kutembea, chini kabisa, bapa, kwa sababu ukungu ule haukuruhusu mwanga upite.

Shangazi aliinama. Kwa mara ya kwanza tangu tufike hospitali, alionekana kama yuko nyumbani.

"Sasa naziita," alisema daktari, na akadondosha tone la dawa ya kuziamsha.

Mstari ukasita, kisha ukapanda. Ulipanda kama mtu anayekimbia ngazi akisikia jina lake. Daktari akatoa kichupa, akakishika mbele ya balbu ili tuone: ukungu ulikuwa umekwisha. Maji yalikuwa maangavu kama kioo kilichosuguliwa, na ndani yake vipande vyeupe vilikuwa vikielea, vimeshikana, vikizama polepole, polepole, kama theluji ambayo sijawahi kuiona isipokuwa kwenye picha. Nilimsikia Shangazi akivuta pumzi. Maisha yake yote alitafuta kioo cha kupitisha mwanga namna hiyo, na sasa alikitazama kwa hofu.

"Zimekimbia mno," alinong'ona.

"Mno," daktari alikubali.

Basi akaanza vidonge. Kimoja kila jioni, na glasi ya maji, akiwa amesimama dirishani. Mambo ya ajabu niliyoyatarajia hayakutokea. Aliumwa na misuli ya mapaja siku za mwanzo, ikapita. Kilichobadilika ni usingizi. Hakulala zaidi, ila aliota zaidi, au labda alianza tu kunisimulia. Aliniambia anaota anatembea ndani ya taa kubwa nyekundu yenye vijia visivyokwisha, na kwenye vijia hivyo kuna visahani vingi vya chai vinavyoelea. "Zamani vilikuwa vinagombania kushikana mikono," alisema huku akikoroga uji wake. "Siku hizi vinasalimiana, vinapishana. Kimoja jana kimenipisha mimi mwenyewe. Kina adabu."

Sijui kama ni dawa au ni yale aliyoyaona maabara. Daktari tulipomwambia alicheka, akasema ndoto hazimo katika vipimo vyake.

Ilipofika siku ya kupima tena, walirudisha damu yake kwenye kisanduku. Ukungu uleule, taa ileile, tone lilelile. Safari hii mstari ulipanda kama mtu anayeamka Jumapili. Ulifika katikati, ukajinyoosha, ukakaa. Kichupa kilipotolewa kilikuwa bado na ukungu kidogo.

"Hazijalala," daktari alisema. "Zimetulia. Lehemu imeshuka, nazo zimepungua kiherehere. Mama, endelea hivi hivi."

Shangazi alitoka pale akitembea kama bibi harusi. Alimweleza kinyozi, akamweleza muuza makaa, akamweleza mteja aliyekuja kuuliza bei tu. Nami niliingia katika furaha hiyo kama mtu anayeingia maji ya vuguvugu, nikasahau kuuliza mambo fulani.

Sikuuliza, kwa mfano, kuhusu goti lake. Hoteli moja ilikuwa imeagiza taa ya ukumbi, kubwa kama kibanda cha kuku, na Shangazi alishinda amepiga magoti sakafuni akiipanga. Goti likavimba. Kinyozi akampa dawa: aspirini, zile nyeupe za dukani. "Mimi nazila kama karanga," alisema, "na niangalie nilivyo." Shangazi akaanza kuzila asubuhi na jioni. Goti likakaa kimya. Hakuona haja ya kumwambia mtu, kwani nani anamtangazia daktari wa damu habari za goti?

Basi kioo cha bluu, kipana, kikateleza na kumchana kiganja. Nilisikia kutoka dukani kwangu akiimba ubeti mmoja. Nikasikia wa pili. Nilipousikia wa tatu niliweka mkasi chini. Wimbo uliisha wote na damu ilikuwa bado inatoka, si kwa kasi, bali bila haraka yoyote, ikidondokea kwenye doa la kijani sakafuni mpaka doa likapotea. Nilimfunga kiganja kwa kitambaa cha bitana, nikambana, nikamwinulia mkono juu. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Haisikii," alisema. "Mwanangu, damu yangu hainisikii tena."

Ilisimama mwishoni. Lakini kuna kitu kilikuwa kimevunjika ndani yake. Toka siku hiyo, kila jioni aliendelea kusimama dirishani na glasi ya maji, na mimi niliona koo lake likicheza, nikaridhika. Kumbe alikuwa anakunywa maji matupu. Vidonge alikuwa akivitupa kwenye jivu la makaa, na aspirini pia alikuwa ameiacha, kwa hasira ya jumla. Hakunieleza. Alijihisi anavuja, aliniambia baadaye, na mtu anayevuja haendi kumshitakia aliyemtoboa.

Wiki kadhaa zikapita namna ile wiki zinavyopita kukiwa na kazi nzuri. Taa kubwa ikawa inakaribia kukamilika. Tuliiwasha kwa majaribio alasiri moja, madirisha yote yamefungwa kwa mapazia yangu, na karakana nzima ikazama chini ya bahari ya rangi. Mikono yetu ilikuwa ya bluu, meno yetu ya manjano, na kinyozi aliyekuja kuchungulia alikuwa na sikio moja jekundu. Tulikaa humo tukiogelea mpaka tukachoka kushangaa.

Asubuhi ya kuipeleka hotelini nilimkuta amekaa chini, mgongo ukutani, jasho linamtiririka kama aliyenyeshewa.

"Mtu ameniwekea pasi kifuani," alisema kwa utaratibu kabisa. "Mwambie aiondoe."

Nilipiga kelele. Kinyozi akaja mbio, na nyuma yake akaja mteja wake, shuka shingoni, povu usoni, ndevu zimenyolewa upande mmoja. Huyo ndiye aliyekuwa na gari. Hakuuliza kitu. Alituendesha hospitali akiwa nusu kijana nusu mzee, akipiga honi, na povu likimkaukia shavuni. Shangazi kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwangu, aliinua jicho moja kumtazama kwenye kioo cha dereva, akasema kwa shida, "Huyu naye amepona upande mmoja."

Mlangoni walimpokea na kitu cha kwanza walichomtia mdomoni kilikuwa aspirini, wakamwambia atafune. Alijaribu kugoma. Daktari wetu wa damu alikuwa ameitwa. Aliinama karibu na sikio lake.

"Tafuna, Mama. Leo hiki ni rafiki."

Akatafuna. Wakamwingiza ndani, wakapitisha waya mwembamba kutoka kwenye kifundo cha mkono hadi kwenye moyo, wakalifikia donge, wakaufungua mshipa. Mimi nilikuwa kwenye benchi la korido ndefu yenye sakafu ya kung'aa. Watu waliovaa nguo za kijani walipita na vivuli vyao chini ya miguu, vimegeuzwa juu chini, na kwa muda sikujua wepi ndio wenyewe. Nilimfikiria baba. Nilifikiri kwamba pengine ule mlango uliojifunga kwa baba ulikuwa mmoja na huu, ila hakukuwa na mtu mwenye povu shavuni wa kumfikisha.

Alipoanza kukaa kitandani na kulalamikia chakula, daktari alikuja akavuta kiti.

"Mama, uliacha dawa."

Shangazi alitazama dirisha. "Niliacha."

"Ipi?"

"Zote. Yako kwanza. Ndiyo ilikuwa mgeni." Akaeleza habari ya kiganja, na wimbo ulioisha. Na alipotaja aspirini ya kinyozi, daktari alifumba macho.

"Mimi nami sikukuuliza unameza nini kingine," alisema. "Ningeuliza." Kisha akamshika mkono ule ule wenye vinundu. "Sikiliza. Dawa ya lehemu inazituliza chembe sahani, inazishauri. Aspirini haishauri, inazifunga mikono. Damu iliyogoma kusimama siku ile, kwa sehemu kubwa ni aspirini, tena uliila bila kipimo, na kidonda chenyewe kilikuwa kirefu. Dawa yangu ilikuwa na mchango mdogo, kama ilikuwa nao. Wewe ukamfukuza mpole pamoja na mkali."

"Na nilipomfukuza?"

"Lehemu ikarudi. Na kuna wakati mtu akiiacha ghafla, chembe zinarudi na kiherehere kuliko cha mwanzo. Siwezi kuapa kwamba ndiyo sababu ya donge hili. Mshipa wako ulianza kuziba tangu ukiwa msichana. Lakini haikusaidia."

Pazia la wodi lilivimba kwa upepo, likajaa, likapumua nje.

"Kwa hiyo sasa nimeze nini?"

"Zote mbili, na nyingine nitakayokuongezea. Kwa kipimo changu, si cha kinyozi."

"Na nikijikata?"

"Utabana kidonda, utakaa, utangoja. Itasimama. Ikikataa, unakuja. Utatoka damu zaidi ya zamani, nami sitakuficha. Tumechagua hatari ndogo tukakimbia kubwa."

Alirudi karakana akiwa na nguvu nusu na maneno yote. Taa ya hoteli niliipeleka mimi na kinyozi, ambaye kwa majuma kadhaa hakumshauri mtu yeyote jambo lolote, mpaka wateja wakaanza kumwonea huruma. Shangazi alianza kuvaa glavu za ngozi, akizitukana kila zinapomkwamisha. Hata hivyo anajikata mara moja moja. Siku hizo huketi kwenye kiti cha mteja, mkono ameuinua kama mwanafunzi anayejua jibu, na anangoja. Nimemkuta hivyo zaidi ya mara moja, rangi zinampita usoni, macho nusu yamefumba. Aliniambia hajawahi kuiona karakana yake kutoka kwenye kile kiti. Maisha yote damu yake ilikuwa na haraka ya kumrudisha kazini.

Ilibaki habari yangu mimi. Daktari alikuwa ameniambia waziwazi, siku ile ya wodini, kwamba nami nipimwe. Nilisema nitakuja. Nikashona mapazia ya shule, nikashona ya ofisi, nikajipa hata kazi ya kupunguza marefu yaliyokuwa hayana shida. Nilijua ninachokimbia. Nilitaka kubaki mtoto wa mtu ambaye moyo wake ulisimama tu, bila sababu, kama saa.

Shangazi hakunikaripia. Alikuja dukani alasiri moja, akakaa juu ya majora ya kitambaa, akawa anapapasa hili na lile.

"Baba yako alikuwa na mabaka haya haya machoni," alisema. "Kidogo tu. Wasichana walikuwa wanayapenda. Alikuwa akijitazama kwenye kila kioo ninachokata, mpaka nikamfukuza karakana. Watu wanasema aliogopa moto. Hakuogopa moto. Ni mimi niliyemfukuza kwa sababu ya majivuno."

Sikuwahi kujua kwamba baba yangu alikuwa na majivuno. Nilicheka, kisha nikashindwa kuacha, kisha haikuwa kicheko tena. Alinishika kichwa, akakiegemeza begani kwake mpaka nikanyamaza.

Tulikwenda asubuhi iliyofuata. Damu yangu nayo ni ya ukoo: ini linajua kutoa, halijui kurudisha. Lehemu yangu si nyingi kama ya Shangazi, na nimewahiwa mapema, daktari alisema, mapema ndiyo nusu ya dawa. Nilipotoka na pakiti yangu ya kwanza ya vidonge, nilimkuta kwenye benchi la nje akimweleza mama mmoja asiyemfahamu kila kitu kuhusu chembe sahani, pamoja na ndoto. Alinitazama usoni, akajua, akasimama.

Mvua ilikuwa imetoka kukatika. Lami ilikuwa inafuka, na mbele ya lango mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza miavuli alikuwa anaikunja mmoja mmoja, akiilaani mbingu kwa kumkatizia mvua mapema. Shangazi akachagua mmoja wa rangi ya komamanga, akaufungua palepale, akaniingiza chini yake.

"Shangazi, mvua imeisha."

"Naona."

"Sasa?"

"Sasa twende. Watuone."

Tukaondoka hivyo, chini ya mwavuli, katikati ya barabara iliyojaa jua, na watu wakawa wanatazama juu kutafuta mvua tuliyokuwa tukiikwepa.